Dakika Arobaini na Moja

Kila asubuhi, kabla hajachota maji, Nyagoa hukaa kwenye kizingiti cha chumba chake, huvaa hedifoni kubwa nyeusi, na husikiliza albamu moja ileile kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni dakika arobaini na moja. Ikiisha huzivua hedifoni, huziweka mapajani, na kukaa kimya dakika tatu nyingine akiwa amefumba macho. Kisha huchukua ndoo na kwenda kwenye tangi upande wa pili wa kiwanja. Ni hatua kumi na nne kwa anayenyoosha. Yeye hupiga kumi na tisa, kwa sababu kuna mahali hapakanyagi.

Mahali penyewe hapana alama yoyote. Ni udongo uleule mwekundu ulioshindiliwa na miguu yetu wapangaji, upana wa ungo, hatua chache kabla ya tangi. Kuku hudonoa hapo. Mimi nimepanga chumba cha pili kutoka chake, hapa mtaa wa Munuki, Juba, na mwanzoni nilidhani anakwepa tope. Kisha mvua ikakatika wiki nzima, udongo ukakauka mpaka ukapasuka, na bado akazunguka.

Fortunate, Mganda anayekaanga chapati na mayai langoni petu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema.

"Wewe Nyagoa, hiyo pahali ilikutukana? Ama ulizika bwana hapo?"

"Nilizika wawili," Nyagoa akajibu bila kusimama. "Nafasi ya mmoja bado iko. Una mtu?"

Fortunate alicheka mpaka akaunguza chapati. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilikuwa nimemwona Nyagoa usoni wakati anazunguka. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, kama mtu anayeitwa kwa jina na hataki kuitika.

Nyagoa ni mtegua mabomu. Ana miaka thelathini na miwili, ni mrefu, na akicheka huziba mdomo kwa mkono. Alilelewa Kitale, ambako mama yake aliuza mitumba. Mimi nililelewa Eldoret. Nyumbani kwao walizungumza Kinuer na kwetu Kidinka, kwa hiyo sisi tunaongea Kiswahili, lugha iliyotulea wote wawili. Miezi ya kiangazi huwa porini na kikosi chake. Mvua zikianza kazi husimama, naye hurudi Juba kukaa nasi hadi Novemba.

Kazi yake, alivyonieleza, ni kazi ya masikio. Unapiga goti katika njia ya upana wa mita moja, umevaa kinga ya uso, na unapitisha mashine juu ya ardhi polepole kama mtu anayepangusa vumbi juu ya mtoto aliyelala. Mashine ikinyamaza unasogea nusu hatua. Ikilia unasimama, unaweka alama, unaanza kuchimba kwa upande kwa kijiti cha chuma. Mawe yaliyopakwa rangi nyekundu yanaonyesha mahali ambapo hapajaguswa, na meupe yanaonyesha mahali palipo salama. Zamu haizidi dakika arobaini. Baada ya hapo, alisema, sikio huanza kudanganya.

Na wana desturi moja ambayo sikuwahi kuisikia. Uwanja ukishamalizika, kabla haujarudishwa kwa wenyewe, wale walioutegua huutembea wote, bila kinga, mbele ya wanakijiji. Mara nyingine hucheza mpira hapo. Huwezi kumwambia mtu alime mahali ambapo wewe mwenyewe hutaki kuweka mguu.

Albamu aliipata kambini. Mwenzake mmoja, Athian, aliipiga hemani jioni moja na wenzake wakamfukuza na redio yake. Nyagoa akamfuata nje kumwomba amtumie kwenye simu. Ni muziki wa metali, ule wa gitaa nzito na sauti za kunguruma. Wanamuziki ni wawili tu, dada na kaka wa Nakuru wanaojiita Kokoto. Dada anapiga dramu, kaka gitaa, na wote wawili wananguruma. Albamu inaitwa Chini ya Sakafu.

Mwezi wa tisa aliniona nikimwangalia kutoka dirishani kwangu, kitabu mkononi. Mimi si mtu wa kuomba vitu. Aliniita mwenyewe.

"Ayak, kuja. Wewe unamaliza vitabu vinene hivyo, utashindwa na nyimbo nane?"

Nikakaa kizingitini pake, akanivisha hedifoni.

Wimbo wa kwanza nilisikia kitu kama paa la mabati linalong'olewa wakati watu bado wamo ndani. Nilitaka kuzivua. Nyagoa akaniwekea mkono begani, si kwa nguvu, na akatikisa kichwa. Nikavumilia. Kufikia wimbo wa tatu nilianza kugundua kwamba fujo ile ilikuwa na mpangilio. Dramu zilikuwa zinapanga sakafu, ubao kwa ubao, na gitaa lilikuwa linang'oa ubao uleule kutoka upande wa pili. Hakuna neno hata moja linaloeleweka. Ni makoo mawili tu, la mwanamke na la mwanamume, na kila moja linangoja lingine livute pumzi. Nilijikuta nami nangoja. Nikaacha kusikia kiwanja, nikaacha kusikia boda boda barabarani. Nikaacha hata kuona haya, jambo ambalo hunitokea mara chache nikiwa mbele ya watu.

Wimbo wa tano katikati yake dramu zinanyamaza ghafla. Gitaa linabaki na noti moja, nyembamba, isiyopanda wala kushuka, dakika nne nzima. Nilihesabu baadaye. Unapofikiri kwamba huwezi tena, dramu zinarudi zote kwa pamoja, na nakiri kwamba machozi yalinitoka na sikujua ni ya nini.

Albamu ilipoisha Nyagoa alinivua hedifoni yeye mwenyewe, kwa uangalifu.

"Usiongee," alisema. "Ngoja."

Nikangoja. Kiwanja kilirudi kipande kwa kipande. Tone la maji kwenye bomba la tangi. Mafuta ya Fortunate. Kuku akikwaruza. Na chini ya vyote hivyo, kama uzi mweupe ndani ya kitambaa cheupe, ile noti.

"Inalia bado," nikasema.

"Ni masikio. Itaisha. Sasa pita pale."

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka. Nikainuka, nikatembea kuelekea kwenye tangi moja kwa moja, hatua ya nne, ya sita, ya nane. Sitasema kwamba noti iliongezeka. Nitasema tu kwamba nywele za mikono zilinisimama, kwamba kuku aliyekuwa hapo alinyanyua kichwa akaniangalia kwa jicho moja, na kwamba miguu yangu ilizunguka kabla sijaamua. Nilipogeuka, Nyagoa alikuwa bado amekaa pale pale. Hakuuliza nimesikia nini. Alianza kufuta hedifoni kwa upindo wa sketi.

Tangu siku hiyo nami nilipiga hatua kumi na tisa. Fortunate alipoliona aliweka mikono kiunoni. "Na Profesa pia? Eh! Hii ugonjwa inaambukiza." Lakini wiki haikuisha kabla sijamwona yeye mwenyewe, na beseni la unga kichwani, akipita mbali na pale. Hakuna aliyemtuma. Ilipofika Oktoba njia yetu ya kwenda kwenye tangi ilikuwa imepinda, na majani madogo yalianza kuota mahali ambapo hakuna mguu uliopita tena.

Nyagoa angeweza kunyamaza. Msimu ulikuwa unaanza Jumatatu, na gari la kikosi lingemchukua alfajiri kama kila mwaka. Lakini kanuni yao inasema mtu mwenye shaka na masikio yake aseme kabla ya msimu, na siku ya Jumanne alimpigia simu mkuu wake. Nilimsikia kupitia ukuta wa mabati. "Bosi, nasikia mahali ambapo sina mashine." Kisha, "Ndiyo. Nyumbani."

Mkuu wake, Fulgensio, alikuja Jumamosi alasiri. Ni mtu mnene, mpole, mzaliwa wa Yei aliyekulia kambi za Uganda. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, na begani alibeba mashine ndani ya mfuko wake. Alimsalimu kila mtu kwa mkono, hata mimi niliyekuwa nimejificha nyuma ya kamba ya nguo.

"Iko wapi?" akauliza.

"Hapo."

"Na sasa unasikia?"

"Ndiyo."

Fulgensio aliangalia njia iliyopinda, akaangalia majani, akatuangalia sisi. "Nyinyi wote mnapitanga huko kando?"

"Sisi hapana ogopa," Fortunate akasema haraka. "Sisi tunaheshimu tu."

Alipokuwa akiunganisha mashine, Fulgensio alinieleza mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu, jambo ambalo Nyagoa hakuwahi kunieleza. Mwezi wa nne, nyuma ya shule moja ya kijiji, mashine ya Nyagoa ilipita mahali ikanyamaza. Naye akakataa kusogea. Alisema anasikia. Walibadilisha mashine, ya pili nayo ikanyamaza. Akachimba kwa mkono saa nzima, na chini kulikuwa na bomu la plastiki, lenye chuma kidogo kama sindano iliyovunjika.

"Basi masikio yake ni mazuri," nikasema. Sauti yangu ilitoka ndogo.

"Siku hiyo ilikuwa nzuri," Fulgensio akasema. "Lakini sikia, binti. Mtu anasikia wakati mashine inanyamaza, siku moja mashine italia na yeye atanyamaza. Na nyuma yake mimi iko na watu kumi na wawili."

Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kikisubiriwa kiwanjani petu. Kama chini ya udongo ule kulikuwa na kitu, masikio ya Nyagoa yalikuwa mazima, na Jumatatu angepanda gari. Kama hapakuwa na kitu, basi kazi yake ilikuwa imekwisha. Nilitazama vyumba vyetu sita, nguo zilizoanikwa, kuku, nikajikuta naomba kimoyomoyo kwamba liwepo bomu. Niliona aibu, lakini sikuacha kuomba.

Fulgensio aliijaribu mashine kwanza kwa kipande kidogo cha chuma alichokitoa mfukoni. Ikalia. Noti ile. Nilishika kamba ya nguo, kwa maana ilikuwa ileile kabisa ya wimbo wa tano. Nyagoa hakuonyesha kushtuka.

Kisha Fulgensio akaipitisha juu ya mahali petu. Kimya. Akarudia kutoka upande wa pili. Kimya. Mara ya tatu akaigusisha karibu kabisa na majani. Kimya.

"Mafi," akasema kwa Kiarabu cha Juba. Hakuna.

"Ilinyamaza pia kule shuleni," Nyagoa akasema.

Fortunate alitoka na jembe. "Kalas, basi! Tuchimbe tumalize hii maneno."

"Acha!"

Sikuwahi kumsikia Nyagoa akipaza sauti. Hata boda boda mmoja langoni alizima pikipiki. Fortunate aliliweka jembe chini taratibu kama mtu anayeweka yai.

Kilichofuata sitakisahau. Fulgensio hakubishana. Alivua saa, akalala kifudifudi kwenye udongo na shati lake jeupe, na akaanza kuchoma ardhi kwa kijiti cha chuma, kwa pembe, kidole kwa kidole, kama vile yuko porini. Alituamuru tukae nyuma ya ukuta wa choo, nami nikawa nachungulia pembeni. Nyagoa peke yake alibaki, hatua chache nyuma yake, amesimama wima. Saa nzima ilipita. Tulisikia tu mkwaruzo, na pumzi za yule mtu mnene. Alichimba mpaka mkono ukazama hadi kiwiko. Alitoa mzizi. Akatoa jiwe. Akatoa udongo mweusi wenye unyevu, akaunusa, akaurudisha.

Aliinuka, tumbo lote jekundu. "Mafi haja, Nyagoa. Hakuna kitu."

Akalifukia shimo, akalishindilia kwa mguu, akaruka juu yake mara mbili. Kisha akatafuta jiwe, akaomba unga wa Fortunate, akalipaka jiwe likawa jeupe, na kuliweka pembeni.

"Sasa unajua desturi," akamwambia Nyagoa. "Tembea. Ukitembea, Jumatatu gari linakuchukua, na mimi nitasahau hii siku. Mtu hawezi kufanya hii kazi kama anakataa jiwe nyeupe."

Fortunate, ili kumsaidia, alitangulia. Alipita juu ya pale akitikisa makalio, akageuka, akapita tena. "Ona! Mimi iko mzima! Hata uzito huu wote!"

Watu wakacheka. Nyagoa naye alitabasamu. Akavuta pumzi, akatembea. Hatua ya tano, ya sita, ya saba. Alinyanyua mguu wa kulia juu ya udongo mbichi, ukabaki hewani. Kichwa kikainamia kushoto. Mguu ukateremka, pembeni. Akarudi, akaanza upya. Mara ya pili ikawa hivyo hivyo. Mara ya tatu jasho lilimtiririka, na mguu ukatetemeka hewani muda mrefu hadi Fortunate akafunika macho. Ukateremka pembeni.

"Kalas, dada," Fulgensio akasema kwa upole. "Kalas."

"Ngoja."

Alikwenda kizingitini, akavaa hedifoni, akabonyeza simu, akaiweka mfukoni. Hata sisi tuliisikia, nyembamba, kama nyuki ndani ya chupa. Akatembea. Alipita juu ya mahali pale bila kupunguza mwendo. Akageuka, akapita tena, akakanyaga kwa nguvu, akasimama katikati kabisa, miguu miwili pamoja, macho wazi, akimwangalia mkuu wake.

Fulgensio alitikisa kichwa. Nadhani ilimuuma. "Hiyo haihesabiki," alisema, ingawa Nyagoa hakuweza kumsikia. "Porini hatuvaagi hizo." Kisha akafunga mashine ndani ya mfuko. Aliniachia mimi ujumbe: Jumatatu Nyagoa aende ofisini, atapewa picha na mabango, atazunguka shuleni kuwafundisha watoto wasiokote vyuma. "Mwambie ni kazi ya heshima," alisema, na akaondoka na udongo tumboni.

Watu walirudi kwenye shughuli zao. Nyagoa alibaki pale amesimama. Nilidhani anatafuta namna ya kukubali, nikamwacha. Nilikaa na kitabu bila kusoma. Jua liliteremka hadi juu ya mabati. Halafu ile sauti ya nyuki ikakatika, na nikajua dakika arobaini na moja zimekwisha.

Nyagoa hakuondoka.

Hakufumba macho safari hii. Aliyatoa macho, na mikono yake ikawa imetanuka kidogo kama ya mtu aliye juu ya ubao mwembamba. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hakuweza kuinua mguu. Yeye mwenyewe alituambia mara nyingi kwamba mabomu hayo hayangoji uondoe mguu, hizo ni hadithi za sinema, ukikanyaga umekanyaga. Alilijua hilo kuliko sisi sote. Midomo yake ilikuwa mikavu kama majivu.

"Ayak," akasema bila kugeuza shingo. "Usije."

Fortunate alikuwa amekwenda sokoni. Hakukuwa na mtu mwingine. Niliweka kitabu chini. Nilihesabu hatua, kwa kuwa sikuwa na jambo lingine la kushika. Ya nne. Ya sita. Kiwanja kilikuwa kimya namna ambayo Munuki haiwi kimya kamwe, na ndani ya kimya kile niliisikia, nyembamba, haipandi wala haishuki. Sikuwa nimevaa kitu masikioni. Sikuwa nimeisikiliza albamu siku hiyo. Ya saba. Nikaweka mguu juu ya udongo mbichi, kando ya miguu yake, kisha wa pili. Udongo ulibonyea kidogo. Nikaingiza mkono mfukoni mwake, nikatoa simu, nikabonyeza wimbo wa kwanza.

Mabega yake yalishuka. Aliinua mguu mmoja, kisha mwingine, akatembea hadi kizingitini akakaa.

Nami nikabaki pale, peke yangu, kando ya jiwe lililopakwa unga. Sitasema nilikaa muda gani. Niliondoka kwa kuruka, kama mtoto.

Nilimletea maji. Alikunywa kikombe kizima hedifoni zikiwa bado kichwani, kisha akavuta upande mmoja nyuma ya sikio ili anisikie. Nilimpa ujumbe wa Fulgensio. Alisema, "Watoto ni wazuri," na akatazama mikono yake. Jumatatu angekwenda na mabango. Gari lingepita bila yeye.

Nimekaa jirani na Nyagoa mwaka wa tatu sasa, na sijawahi kumuuliza kitu ambacho hakuanza kunieleza mwenyewe. Siku hiyo nilimuuliza. Muziki ule ndio uliomharibia masikio, kila mtu angesema hivyo, hata yeye. Ulimwachia ile noti, na noti ikamchukulia kazi. Sasa anausikilizia nini?

Kutoka kwenye upande uliokuwa wazi wa hedifoni, dramu na gitaa vilikuwa vinang'oana mbao.

"Humo ndani kila mahali panalia," alisema. "Kwa hivyo naweza kukanyaga popote."